Hao wataalamu wenu wana majina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua, na naomba mkasi wako unionee huruma, maana nina mengi. Nazungumzia makala ya kurasa mbili kuhusu maajabu ya China ya kale mliyoitoa mwisho wa wiki. Mwandishi wenu anajua kusimulia, hilo simnyimi. Kinachonikera ni kwamba katika kurasa zile zote mbili hakuna mahali hata pamoja anapotuambia kayapata wapi. Kuna “inasemekana”, kuna “wataalamu wanaamini”, kuna “historia inatuambia”. Historia haimwambii mtu kitu, Mhariri. Wanaotuambia ni watu wenye majina, walioandika vitabu vyenye kurasa, na mimi nimefanya kazi ya ukutubi muda wa kutosha kujua kwamba asiyetaja kitabu mara nyingi hajakifungua.

Nianze na jepesi. Ukuta Mkuu hauonekani kutoka mwezini. Yang Liwei, mtu wa kwanza kurushwa angani na China, aliporudi Oktoba 2003 aliulizwa swali hilo hilo akajibu kwamba hakuuona, na yeye mwezini hakufika. Alikuwa akiizunguka dunia kwa kimo cha kilomita mia chache tu. Madai yenyewe ni ya zamani kuliko roketi za kwenda angani, yalichapishwa kabla binadamu yeyote hajatoka nje ya hewa hii akatazama chini. Badala ya kutupa uvumi huo, mwandishi angeweza kutupa jambo tamu zaidi ambalo Arthur Waldron alilitolea kitabu kizima mwaka 1990: kwamba ukuta mmoja wa kale, unaoendelea bila kukatika toka enzi hadi enzi, haukuwahi kuwapo. Kuta za matofali na mawe tunazoziona kwenye picha, zile zinazopanda na kushuka milima ya kaskazini mwa Beijing, kwa sehemu kubwa ni za enzi ya Ming, iliyotawala kuanzia 1368 hadi 1644. Qin Shi Huang, mfalme mkuu wa kwanza wa China, ambaye makala inamtaja kuwa mjenzi wa “ukuta huu huu”, alikufa mwaka 210 kabla ya Kristo, na kuta zake nyingi zilikuwa za udongo ulioshindiliwa.

Twiga sasa. Mchoro mliouweka juu ya makala, wa mtu mwenye ndevu aliyeshika kamba ya twiga, mmeuandikia chini kuwa ni twiga aliyetoka Malindi. Siye. Maandishi yaliyo juu ya mchoro huo yalitungwa na Shen Du, bingwa wa hati nzuri katika ikulu ya mfalme Yongle wa enzi ya Ming, na yanasema wazi kwamba mnyama ameletwa kutoka Bengal katika mwaka wa 12 wa utawala huo, yaani 1414. Twiga wa Malindi alifika mwaka uliofuata, 1415. Hayo yote J. J. L. Duyvendak, profesa wa Kichina wa Leiden, aliyaeleza katika kijitabu chembamba cha mwaka 1949 kilichotokana na mihadhara yake katika Chuo Kikuu cha London. Unakimaliza jioni moja. Humo utawakuta mawaziri wakiomba ruhusa ya kumwandikia mfalme risala ya pongezi kwa kujaliwa mnyama wa heri, na mfalme akiwakatalia.

Halafu mnatuambia kwamba Zheng He, amiri wa merikebu za mfalme huyo huyo, katika safari zake zote saba, “hakupigana na mtu”. Zheng He mwenyewe hakubaliani nanyi. Mwaka 1431, kabla ya kuondoka kwa safari ya mwisho, yeye na wenzake walisimamisha jiwe la maandishi huko Changle, mkoa wa Fujian, kumshukuru Tianfei, mungu wa kike wa mabaharia. Jiwe linazitaja safari moja baada ya nyingine pamoja na miaka yake, na linajisifu waziwazi: safari ya kwanza walimkamata haramia Chen Zuyi na kundi lake pale Palembang, kisiwani Sumatra, safari ya tatu mfalme wa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, alishindwa vita akachukuliwa mzima mzima mpaka China. Aliachiwa baadaye, lakini vita vilipiganwa. Aliyetaka kumfanya Zheng He balozi wa amani peke yake alipaswa kwanza kulijibu jiwe.

Na jiwe hilo lina kisa kingine ambacho kwangu ndicho kinachoonyesha vitabu vya wasomi vinafanya kazi gani. Historia rasmi ya enzi ya Ming, iliyokamilika mwaka 1739, imeiruka safari ya 1407 hadi 1409, kisha ikajaza hesabu ya saba kwa kuingiza safari ndogo ya Palembang ya mwaka 1424. Kwa miaka mingi kila aliyenakili alinakili hivyo. Mwaka 1939 Duyvendak akachapisha utafiti wake: akaweka maandishi ya mawe upande huu na kitabu cha serikali upande ule, akaonyesha mstari kwa mstari kwamba waliopanda merikebu wanajua tarehe zao kuliko makarani waliokuja miaka 300 baadaye. Leo ukisoma popote kwamba safari ya pili iliondoka 1407, unakula jasho lake, hata kama aliyeandika hajawahi kulisikia jina la Duyvendak.

Kuhusu merikebu za Zheng He kufika Amerika mwaka 1421 sitapoteza wino mwingi. Madai hayo mmeyachota kwenye kitabu kilichotoka 2002, cha nahodha mstaafu wa nyambizi za Uingereza ambaye hakujua kusoma Kichina. Wanahistoria walikichambua, wakakikosoa vikali, na ushahidi wa chombo hata kimoja cha Ming kugusa Amerika haukupatikana. Safari iliyoamriwa mwaka 1421 ipo kweli. Ni ya sita, na kazi yake ilikuwa kuwarudisha makwao mabalozi wa nchi za nje.

Ningeishia hapo kama si barua ya msomaji mmoja, katika ukurasa huu huu, aliyewasifu kwa makala ile na kuongeza kwamba vitabu vya wasomi ni vya kupamba makabati ya maprofesa: vikavu, havina hadithi, tanbihi tupu. Ndugu yangu huyo simfahamu, lakini nataka nimpe hadithi moja iliyotoka kwenye vitabu vikavu, halafu aniambie kama kwenye makala zake za maajabu amekutana na inayoifikia.

Mwaka 1976, huko Anyang katika mkoa wa Henan, mwanaakiolojia mmoja mwanamke, Zheng Zhenxiang, aliongoza uchimbaji wa kaburi ambalo wezi wa makaburi hawakuwahi kulifikia. Lilikuwa na vyombo na silaha za bronzi zaidi ya 400, vitu vya jiwe la thamani la jedi zaidi ya 700, na watu waliouawa ili wamsindikize aliyezikwa. Jina lililoandikwa kwenye vyombo vingi lilikuwa Fu Hao. Wasomi walilitambua papo hapo, kwa sababu lilikuwa limeshasomwa mara nyingi mahali pengine: kwenye mifupa ya ramli ya enzi ya Shang, miaka zaidi ya 3,000 iliyopita. Fu Hao alikuwa mke wa mfalme Wu Ding. Andiko moja linazungumzia kukusanya watu 3,000 wa Fu Hao, pamoja na wengine 10,000, kwenda vitani. Kwa hiyo kabla ya kaburi kufunguliwa, mwanamke huyu alikuwa jina kwenye mifupa tu. Baada ya kufunguliwa, akawa na mashoka yake ya vita.

Ila andiko ninalotaka kumwonyesha msomaji mwenzangu halihusu vita. Ramli ya Shang ilipigwa hivi: lilichukuliwa gamba la tumbo la kobe, au mfupa wa bega la ng'ombe, likachongwa vishimo upande wa nyuma, kisha kitu cha moto kikawekwa kwenye kishimo mpaka upande wa mbele ukapasuka ufa. Mfalme au mpiga ramli akausoma ufa. Baadaye swali likachongwa kwenye mfupa ule ule, na mara nyingine jibu, na mara chache sana, yaliyotokea kweli. Kwenye gamba moja swali lilikuwa la uzazi wa Fu Hao. Siku iliyoitwa jiashen, mpiga ramli aitwaye Que aliuliza kama uzazi utakuwa mwema. Mfalme akasoma nyufa akasema: akijifungua siku ya ding, ni vema, akijifungua siku ya geng, ni heri kubwa. Chini yake pamechongwa matokeo. Baada ya siku 31, siku ya jiayin, alijifungua. Haikuwa njema. Alikuwa msichana.

Niliposoma hayo kwa mara ya kwanza nilikifunga kitabu, nikasonya, nikakifungua tena. Kisha nikafanya kile ambacho kitabu cha kitaalamu kinakuruhusu na makala ya maajabu haikuruhusu: nikakagua hesabu. Watu wa Shang walihesabu siku kwa mzunguko wa siku 60. Jiashen ni ya 21 katika mzunguko huo na jiayin ni ya 51. Ukihesabu na siku ya kwanza yenyewe, zinatimia 31 kamili. Karani aliyechonga gamba lile alihesabu sawasawa, na msomi aliyelitafsiri hakutudanganya. Ukiwa umekaa kitini nyumbani kwako unaweza kumkagua karani wa mfalme wa Shang. Kama huo ni ukavu, basi mimi naupenda.

Kitabu kilichonifikisha hapo ni cha David Keightley, kilichotolewa na Chuo Kikuu cha California mwaka 1978. Si kitabu cha hadithi hata kidogo. Kinaeleza mfupa unaandaliwaje, ufa unatokeaje, wapiga ramli walikuwa nani, na andiko lisilo na tarehe linapangwaje kwenye wakati wake. Kinaeleza jinsi Dong Zuobin, mwaka 1933, alivyoyagawa maandishi hayo katika vipindi 5 kwa kufuata majina ya wapiga ramli na maumbo ya herufi miongoni mwa vigezo vingine, na kipi kimedumu katika mpango wake na kipi kimetiliwa shaka. Kuanzia 1978 hadi 1982 Wachina wenyewe walichapisha mkusanyo mkubwa wa maandishi ya mifupa, majuzuu 13 yenye vipande zaidi ya 40,000, na tangu hapo msomi akitaja andiko hutaja namba yake humo. Ile tanbihi inayomchosha ndugu yangu, herufi ndogo pale chini ya ukurasa, ndiyo namba ya mfupa. Ukiiondoa, unabaki na “inasemekana”.

Kwenye sanaa ni vivyo hivyo. Makala yenu iliyaita magudulia yote ya kauri ya bluu na nyeupe “ya Ming”. Zamani hata wajuzi wa Ulaya walielekea kusema hivyo. Kilichowabadilisha ni jozi moja ya magudulia yaliyokusanywa na Sir Percival David, ambayo sasa yako katika jumba la makumbusho la Uingereza, London. Shingoni, katikati ya majani yaliyochorwa, kuna maandishi ya mtu aitwaye Zhang Wenjin. Anasema kwamba anatoa chetezo kimoja na jozi ya magudulia ya maua kwa hekalu, akiwaombea ulinzi jamaa zake wote na amani wanawe wa kiume na wa kike, mwezi wa 4, mwaka wa 11 wa utawala ulioitwa Zhizheng. Huo ni 1351, miaka 17 kabla Ming haijaanza. Chetezo kimepotea. R. L. Hobson aliandika kuhusu tarehe hiyo mwaka 1929, lakini aliyeitumia barabara ni John Pope, Mmarekani. Miaka ya 1950 alikaa na makusanyo makubwa ya kauri ya Kichina, lililokuwa Istanbul na lile lililotoka Ardabil, Iran, akalinganisha kila wimbi, kila jani la mgomba na kila ua la yungiyungi na yale ya kwenye magudulia yenye tarehe, mpaka kundi zima la vyombo likahamishwa kutoka Ming kwenda Yuan, enzi iliyoitangulia. Kufumba na kufumbua enzi nzima ya wafinyanzi wa Jingdezhen, mji wa kauri, ikapata haki yake, kwa sababu baba mmoja aliwaombea watoto wake na akaandika tarehe.

Sitetei kila chenye jalada gumu. Nimeshika vitabu vya wasomi vinavyotumia kurasa 40 za mwanzo kugombana na wasomi wengine kabla Mchina wa kwanza hajatokea. Nimeshika vitabu vya sanaa vinavyoonyesha michoro ya rangi kwa picha nyeusi na nyeupe zenye ukungu. Usiniulize kuhusu tahajia: vitabu vya zamani viliandika Ch'ing na Cheng Ho, vya sasa huandika Qing na Zheng He, na katika katalogi za kadi enzi moja ilikuwa ikilala kwenye droo mbili zisizojuana. Na wasomi hukosea. Tofauti ni kwamba wanapokosea wanaacha njia ya kuwakamata, kama walivyokamatwa makarani wa 1739.

Ninachokuomba, Mhariri, ni ukurasa wenu wa vitabu. Mara chache unapogusa China huwa unapitia vitabu vya biashara na siasa za leo, na mhakiki husifu jalada na lugha. Tunataka atuambie mwandishi anasoma Kichina au ametegemea tafsiri za wenzake. Atuambie kitabu kina faharasa au hakina. Kitabu cha historia kisicho na faharasa ni nyumba isiyo na mlango. Kikiwa cha sanaa, aangalie kama kila mchoro umetajiwa vipimo vyake, umechorwa juu ya nini, na uko wapi leo. Hilo la vipimo si udhia. Mchoro mashuhuri wa Zhang Zeduan wa enzi ya Song, ule wa mto, daraja na watu wa mjini, una kimo cha sentimita 24.8 na urefu wa zaidi ya mita 5. Ulitengenezwa ufunguliwe mkononi kidogo kidogo, kutoka kulia kwenda kushoto, upande mmoja ukikunjuliwa na mwingine ukikunjwa, ndipo mtazamaji afike darajani ambako watu wanapiga kelele kwa sababu chombo kinakaribia kugonga. Kitabu kinachoubana mchoro huo kwenye kurasa mbili bila kuonyesha sehemu zake kwa ukaribu kimemwibia mnunuzi, na mhakiki asiyesema hivyo ameshiriki.

Najua jibu litakalokuja: vitabu hivi ni ghali. Ni kweli, vingine bei yake ni ya kutisha, na wachapishaji wa vyuo vikuu wana la kujibu. Lakini si vyote. Jumba la makumbusho la Metropolitan la New York limeweka mtandaoni, bure, katalogi zake nyingi ambazo hazichapishwi tena, zikiwamo za michoro ya Kichina, na unaweza kupakua kitabu kizima. Maelfu ya hati zilizotoka kwenye pango la maktaba la Dunhuang, kaskazini-magharibi mwa China, lile ambalo mtawa Wang Yuanlu alilifumania mwaka 1900, unaweza kuzitazama picha zake kwa mradi wa kimataifa ulioanza 1994, ikiwamo sutra, yaani kitabu cha dini ya Kibudha, iliyochapwa kwa mbao mwaka 868, yenye tarehe yake mwishoni. Mwandishi wa makala za maajabu akiwa na simu mkononi hana kisingizio.

Kama ukurasa wa vitabu hauna mtu wa kuifanya kazi hiyo, niko tayari kuandika mapitio ya kwanza bila malipo. Nitaanza na Keightley, kwa maneno 800, na namba ya gamba la Fu Hao nitaitaja. Sharti langu ni moja: mchoraji wenu asiweke joka. Achore gamba la kobe lenye nyufa, na vishimo vyake nyuma.

Wako,
Mkutubi mstaafu